Mchele wa Tindiga Uliorudi kwa Basi

Aliyenishawishi kuagiza vyakula kwa simu ni dada yangu mkubwa. Yeye anaishi Mikumi, anapika kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Kilosa, naishi na mama yetu. Jumapili moja dada alikuja kumwona mama akiwa na sukari, dumu la mafuta na miche ya sabuni, akavipanga mezani kimoja kimoja kama mtu anayefungua zawadi za harusi.

"Vyote hivi nimeagiza Morogoro," akasema. "Asubuhi unatuma hela, jioni mzigo umefika. Bei yao iko chini kuliko hilo duka lako la jumla."

"Na kusafirisha?"

"Bure."

Mimi nikisikia bure nashika pochi kwa mikono miwili. Tangu utotoni ndivyo nilivyo, na dada anajua. Akacheka, akachukua simu yangu, akaniunga kwenye kundi la wauzaji hao. Walipouliza nani amenielekeza kwao, akaandika namba yake. Niliona, lakini sikuuliza.

Duka langu, yaani nililozoea kununua, lilikuwa karibu na stendi. Lina rafu ndefu na bei zimeandikwa kwa kalamu nene nyekundu. Unachukua mwenyewe, hakuna wa kukuhudumia, wala mfuko hupewi, ndiyo maana wanauza rahisi. Vitu vingi wanavipima wenyewe huko nyuma na kuvifunga tayari. Mwenye duka ni mdogo kwangu, na kila nikiingia alikuwa anasimama kabisa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Nadhani nilimwamini kwa sababu ya ile shikamoo.

Nikaamua kujaribu mwezi mmoja. Niliagiza mchele kilo tano, mafuta, sukari na sabuni. Kwenye picha mchele ulikuwa mweupe, punje ndefu, umeandikwa kwamba unatoka Mbeya. Kwa bei za kwenye simu, dada alikuwa sahihi, kila kitu kilikuwa chini kidogo kuliko kwenye rafu za duka lile.

Mzigo ulifika kesho yake jioni, si siku ileile. Nilipofika stendi, utingo wa basi alinyoosha mkono kabla hajanipa boksi.

"Hela ya mzigo, mama."

"Wamesema bure."

"Waliosema hawapo hapa."

Nikawapigia wauzaji papo hapo. Alipokea msichana mmoja mwenye sauti laini. "Bure ni kwa wateja wa barabara kuu, mpendwa. Mikumi bure. Kilosa mnachangia kidogo." Nikalipa. Nilipojumlisha hiyo na hela ya bodaboda hadi nyumbani, ile nafuu yote ikawa imeishia njiani.

Kwa hiyo nilikuwa tayari nimenuna mama alipochukua ungo akaanza kuchambua ule mchele. Mama amelima mpunga Tindiga maisha yake yote, mpaka magoti yalipomkatalia. Alipepeta mara mbili, akasimama, akachota kidogo kiganjani, akakisogeza kiganja dirishani kwenye mwanga.

"Huu umesema wa wapi?"

"Mbeya."

"Mbeya!" Akanionyesha punje nyekundu tatu na kibonge kidogo cha udongo mweusi. Akakivunja kwa kucha, akakinusa. "Huu ni mchele wa kwetu. Huu ni udongo wa mbuga ya kule chini kabisa, upande wa mashamba ya kaka yako."

Sikumwamini mama pia. Niseme ukweli, wiki ile sikumwamini mtu yeyote. Lakini niliwapigia tena Morogoro. Yule mwenye sauti laini akaniambia mchele ni wa Mbeya, daraja la kwanza. Nikamwuliza wanauchukua Mbeya wenyewe? Akasita. Akasema wana mawakala.

"Mawakala wa wapi?"

"Wengi wako Dumila, mpendwa."

Nikakata simu. Wakulima wa Tindiga hupeleka mchele wao Dumila, njia panda, kwa sababu pale wanunuzi hawakosekani. Basi mchele ulikuwa umetoka jirani kwangu, umekwenda Dumila, umefika Morogoro, umevalishwa mfuko wa Mbeya, umepanda basi ukarudi Kilosa, na mimi nimeulipia nauli. Sina ushahidi mwingine zaidi ya pua ya mama yangu. Lakini pua ile haijawahi kunidanganya.

Nikajiambia, kama wamedanganya jina, na uzito watakuwa wamedanganya. Waliniletea mifuko miwili, wa kilo tatu na wa kilo mbili, na ule wa kilo mbili ulikuwa haujafunguliwa. Nikaubeba hadi duka langu la jumla, nikamwomba mwenye duka anipimie. Alifurahi. Kwake ilikuwa kama nimerudi nimetubu.

"Hao wa kwenye simu ni wezi, mwalimu," akasema huku akiuweka kwenye mizani.

Kilo mbili kamili. Hata zilizidi kidogo.

Tukaangaliana. Sijui nini kilinisukuma, nikanyoosha mkono kwenye rafu yake, nikachukua mfuko wake wa sukari wa kilo mbili, nikauweka juu ya mizani ileile. Mshale haukufika kwenye mbili. Nikauondoa, nikaweka mwingine. Nao haukufika.

"Sukari inakauka, mwalimu," akasema.

"Imekauka ikiwa ndani ya nailoni?"

Alianza kupangusa mizani kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi. Nilitoka bila kununua kitu, nikihesabu moyoni miaka niliyonunua sukari pale.

Jumamosi nikaenda Mikumi. Nilitaka kumwambia dada yote, la Mbeya, la utingo, la sukari. Nilimkuta jikoni anakaanga vitunguu, mikono imejaa mafuta, na simu yake ikalia ujumbe.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma kwa sauti. Ulitoka kwa wale wauzaji. Ulimpongeza kwa kuleta mteja mpya na kumwambia zawadi yake itakuja na mzigo unaofuata. Mteja mpya nilikuwa mimi.

Nilirudisha simu mezani. Dada alizima jiko.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Ningekuambia mapema usingenunua. Nakujua."

"Kwa hiyo umenipeleka kwao upate zawadi."

"Nimekupeleka kwa sababu kwangu ni rahisi kweli! Mimi mzigo unashushwa hapo mlangoni. Hilo la utingo wa Kilosa ningelijulia wapi?" Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni vitunguu. "Mimi leo nimekuwa dalali kwa mdogo wangu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa macho."

Nilirudi Kilosa bila kula, na dada yangu hakuwahi kuniacha niondoke kwake bila kula. Wiki tatu hatukupigiana. Alikuwa akimpigia mama, na mama akinipa simu, dada alikuwa na kazi tayari.

Mama ndiye aliyechoka. Siku moja alimpigia mpwa wake wa Tindiga, yule kaka mwenye mashamba, bila kuniambia, na gunia la mchele likaja kwenye pikipiki, safi, na punje zake nyekundu. Kisha akampigia dada, akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Mmenuniana kwa mchele wa mbuga niliyoilima mimi," alisema. "Agiza mafuta na sabuni ya nyumba zote mbili, vishushwe kwako. Mwenzio atakuja kuchukua mwisho wa mwezi. Na hiyo zawadi mgawane."

Ndivyo tunavyofanya mpaka sasa. Mchele hatununui dukani wala kwenye simu. Sukari nanunua sokoni, kwa mama anayepima mbele ya macho yangu. Mafuta na sabuni vinatoka Morogoro vikishushwa Mikumi, nami navifuata ninapokwenda kumwona dada, safari ambayo ningeifanya hata bila sabuni. Hapo kweli tunaokoa hela. Ningekuwa naenda kwa ajili ya mzigo tu, nisingeokoa chochote.

Mara ya kwanza nilipokwenda kuchukua, dada alinipakulia wali na maharage, akaweka boksi miguuni pangu na kisu juu yake.

"Fungua, hesabu," akasema.

"Sina haja."

"Fungua."

Nikafungua. Vyote vilikuwemo. Nilihesabu mara mbili, naye alikaa pembeni akinitazama, akila taratibu.