Nilijifanya Bubu Ili Kwaya Inililie

Nimekosa, jamani, acheni niseme! Nilimdanganya mchungaji, kwaya nzima na hata mke wangu, na kuna mtu anayeumia kwa ajili yangu mpaka leo bila kujua.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa naongoza nyimbo katika kwaya ya kanisa letu huku kijijini Kola. Miaka tisa solo zote zilikuwa zangu! Kisha akaja Mwende, msichana aliyekuwa akishona nguo katika viwanda vya EPZ kule Athi River na kurudi nyumbani kila wikendi. Siku ya kwanza alipofungua kinywa, akina mama walitoa leso. Mwalimu wa kwaya akampa wimbo wangu wa Pasaka. Wangu!

Wivu ulinishika. Nikaamua kuwakomoa: nitapoteza sauti, wanililie, wajue mimi ni nani.

Siku sita sikutoa neno. Nilikuwa naandika kwenye daftari la mtoto. Kuku wakiingia jikoni, siwafukuzi. Naandika "KUKU" halafu nakimbia kumwonyesha mke wangu. Kabla hajapata miwani, unga umeliwa. Alininywesha shubiri, vitunguu na asali, ndimu na majivu. Nilimeza yote. Kiburi kibaya!

Jumamosi mchungaji na kwaya wakaja nyumbani kuniombea. Nilijilaza kwenye kochi, shingo imefungwa leso, moyoni nasherehekea. Wakaomba, wakalia, kisha wakaanza wimbo ule ule wa Pasaka. Aiya! Watu wa besi wakaangusha sauti kama gunia lililokatika kamba. Ubeti wa kwanza nilivumilia. Wa pili nikaruka juu: "Hapana! Besi mnaua wimbo! Anzeni tena!"

Vigelegele vikalipuka! Mchungaji alipanda juu ya stuli yetu akilia, "Ngai! Mungu wangu! Bubu amesema!" Mke wangu alikumbatia kila mtu, hata jirani ambaye walikuwa hawasalimiani. Sasa ukweli ningeusema saa ngapi?

Ndipo Mwende akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Anko, mimi nimefunga siku tatu. Niliambia Mungu, rudishia anko sauti yake, na mimi sitaimba solo tena maisha yangu yote."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua kinywa. Nilikifungua. Nikasema, "Amina!"

Solo zikarudi kwangu. Mwende amesimama safu ya nyuma miaka yote hii, anaitikia tu na kupiga makofi. Mwalimu amembembeleza mara nyingi, naye jibu lake ni lile lile: "Mungu alishafanya yake, mwalimu. Sasa mimi nitavunja ahadi yangu aje?"

Naimba bila raha. Kila Jumapili kabla ya ibada Mwende ananijia: "Anko, koo iko sawa leo?" Nami naitikia kwa kichwa, kwa sababu hapo sauti hunikauka kwelikweli. Ile sauti nzuri kuliko zote tulizowahi kupata, mimi ndiye niliyeizima! Na bado sijapata ujasiri wa kumwambia.

Wewe mwimbaji unayesoma hapa, mwenzako akipewa solo, ingia besi uimbe. Uchungu ukizidi, nuna nyumbani kwako. Lakini usithubutu kujifanya mgonjwa mbele ya watu wanaojua kuomba.