Émerance, fundi wa Kamalondo anayepima gari likiwa na mama mkwe ndani

Saa mbili asubuhi, katika ua wa mafundi wa magari huko Kamalondo, mjini Lubumbashi, Émerance Kavugho anamwomba mteja wake aketi kwenye usukani. Kisha anamwomba mke wa mteja apite nyuma. Kisha, kwa heshima zote, anamgeukia mama wa mteja, bibi wa miaka sabini na kitu aliyevaa kitenge cha Jumapili, na kumwonyesha kiti cha mbele.

"Miye niko kilo ya kupimia?" anauliza Mama Ngalula, uso umekunjamana.

"Mamu, ukikaa pale njo gari itasema ukweli," Émerance anamjibu.

Mama Ngalula anaketi, na Celica nyekundu, gari la michezo la milango miwili, inashuka kidogo. Émerance haridhiki. Anavuka barabara hadi kwa Virginie, muuza unga, anarudi na gunia la kilo ishirini na tano begani, kisha anafuata la pili. Yote mawili yanaingia nyuma ya gari. Hapo ndipo anapotandika kartoni chini, analala chali chini ya bampa ya nyuma na kuanza kupima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya gari na ardhi.

Hakuna anayekwenda popote. Wakazi wa mtaa huu wamekwisha kuzoea: ukiona familia nzima imeketi ndani ya gari lililozimwa, jua Mama Émerance yuko chini yake.

Virginie hudai magunia yake yanaishi vizuri kumzidi. "Bunga yangu inapandaka ba motokari ya bei," anasema. "Miye naendaka na miguu."

Anachopima Émerance ni nafasi ya difyuza. Hicho ni kipande kipana kinachofungwa chini ya bampa ya nyuma ya gari la michezo, chenye mapezi yaliyosimama wima. Kazi yake ni kuitoa hewa kwa utulivu chini ya gari linapokimbia. Kwa barabara za Lubumbashi, ambako shimo moja linatosha kumtia adabu dereva yeyote, tuseme kweli, kazi yake kubwa ni urembo. Lakini wenye magari hayo hawaoni mzaha katika urembo, na Émerance haoni mzaha katika kazi.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Difyuza iliyotoka ng'ambo huchukua miezi kufika, na mara nyingi hufika ikiwa ya gari jingine. Yeye huitengeneza kwa faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa, huifunga na kuipaka rangi kwa dola mia moja na ishirini, na robo ya fedha hiyo humwachia mwenye ua. Mwezi mzuri humletea kazi tatu. Mwezi mbaya humletea bampa za kuziba nyufa tu.

Leo, hata hivyo, ana kitu kikubwa cha kupoteza kuliko malipo ya siku. Hii ni difyuza ya pili anayoifunga kwenye Celica hii. Ya kwanza ilivunjika. Na mwenye ua, Lucien Chileshe, ana sheria moja ambayo kila fundi aliyepita hapa anaijua kwa moyo.

"Kazi ikirudia mara moya, tunafanya tena bule," anasema mzee huyo wa miaka sitini na saba. "Ikirudia mara ya mbili, unabeba bintu yako, unaenda."

Hatii chumvi. Mdogo wake wa tumbo moja aliondoka hapa na nyundo zake mkononi kwa sababu ya mlango mmoja uliokataa kufungika. Lucien mwenyewe alinyoosha mabati katika karakana ya kampuni ya madini mpaka kampuni ilipoporomoka na kuwaacha wafanyakazi na vyeti vyao. Alichobaki nacho kilikuwa jina lake, na jina hilo analilinda kwa wivu.

Émerance si mtu wa hapa. Ni mzaliwa wa Kivu Kaskazini, na kwa miaka kumi na minne alitengeneza boti za faiba kando ya Ziwa Kivu, mjini Goma, pamoja na mumewe Laurent. Yeye aliziba na kusawazisha, Laurent alijenga kalibu, yale maumbo makubwa ambayo ndani yake faiba hulazwa mpaka iwe boti. Hawakujaliwa mtoto. "Tulizaa ba moule mune," husema kwa utani, akimaanisha kalibu zao nne, kisha hutazama pembeni.

Januari 2025 alipanda ndege kuja Lubumbashi kwa wiki mbili, kwenye arusi ya kaka yake Bénit, mfanyabiashara wa maharagwe ya jumla anayeishi mtaa wa Hewa Bora. Alikuja na begi moja dogo. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe mbili Februari. Siku chache kabla ya tarehe hiyo Goma iliingia mikononi mwa waasi, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Kwa siku tano hakujua kama mumewe yu hai.

Laurent alikuwa hai. Alikuwa amelala katika karakana yao, juu ya mikeka, akilinda kalibu nne. Yuko hapo mpaka leo. Hakuna anayeagiza boti, lakini kila mke wake akimwomba aondoke, jibu ni lilelile: "Nikiacha hizi, tutaanza na nini?"

Hilo ndilo swali linalomkosesha Émerance raha. Hesabu yake ni rahisi na chungu: bila kona aliyopewa katika ua wa Lucien hana kazi, na bila kazi hana neno la kumng'oa Laurent pale alipo.

Kona yenyewe aliipata kwa kutoweza kufunga mdomo. Mwezi Machi, akipita Kamalondo kwa miguu, aliona fundi akiziba bampa iliyopasuka kwa bati na skrubu. Akasimama. Akaguna. Lucien akamuuliza anaguna nini, naye akamwambia.

"Nikasema, huyu mama anataka nini na bampa ya bantu?" Lucien anakumbuka. "Nikamupa moya ya kutupa. Kesho yake nilitafuta ule mupasuko, sikuuona. Nilivaa hata miwani."

Alikaribishwa siku ileile, na sheria akasomewa siku ileile.

Mwanzo haukuwa rahisi. Goma kuna ubaridi, na resini, ile gundi nzito inayogandisha nyuzi za faiba, humpa fundi muda wa kuvuta pumzi. Lubumbashi joto halina subira. Ndoo yake ya kwanza iliganda kabla hajamaliza kukoroga, brashi ikabaki imesimama katikati. Ilimbidi ajifunze upya kipimo cha dawa ya kugandisha, mwanamke aliyedhani anajua kila kitu cha faiba.

Mwezi Agosti alikuja Ruben, mteja huyu wa leo, mwalimu wa shule ya sekondari mwenye asili ya Kasai. Celica yake ndiyo anasa pekee aliyojiruhusu maishani. Alimwonyesha Émerance picha katika simu. Siku sita baadaye difyuza ilikuwa mahali pake, nyeusi, imeng'aa, na Ruben akazunguka mtaa mara tatu bila sababu.

"Kwa siku ine bantu bote ya quartier, mutaa muzima, balikuwa banaiangalia," anasema. "Hata bale habanisalimiaka."

Siku ya tano alimchukua mama yake, mke wake Chancelvie na magunia mawili ya unga wa mwezi. Katika tuta la barabara ya kwenda Bel-Air, gari lililoelemewa lilikaa chini, na difyuza ikapasuka vipande vitatu.

Ruben hakupiga kelele. Alifungua nyuma ya gari, akamkabidhi Émerance vipande kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha sahani za jirani. Émerance anasema angependelea kelele.

Alilipima gari likiwa tupu. Ukimuuliza ilikuwaje, hajitetei, na hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipoanza kumheshimu kweli. Kwa sababu kosa hilo, kwake yeye hasa, halikuwa na udhuru. Boti hupimwa ikiwa imejaa. Kule ziwani, kabla ya kuchora mstari wa maji, ule unaoonyesha boti itazama hadi wapi, alikuwa akiita wachukuzi ishirini waketi ndani, wengine na magunia ya viazi mapajani.

"Chombo tupu inadanganyaka, ile nilijua," anasema. "Lakini huku niliona magurudumu, nikawaza gari ni kintu ya kusimama. Kumbe nayo inazama."

Tangu siku hiyo hatoboi tundu kabla familia haijaketi. Huuliza maswali ambayo fundi mwingine asingethubutu: nani ndani ya nyumba ni mnene, unga mnanunua magunia mangapi, Jumapili kanisani mnakwenda wangapi. Mteja mmoja mwenye gari la viti viwili aliapa kwamba hambebi mtu. Siku ya kupima mkewe akafika, akataja kwa majina abiria wote wa mwezi mzima.

Saa nne sasa, na Mama Ngalula ameruhusiwa kushuka kunyoosha miguu. Émerance anafunga difyuza mpya. Bolti hazishiki plastiki ya bampa. Zinapita hadi kwenye chuma kilicho nyuma yake. Karibu na bomba la moshi ameweka kipande cha mfuniko wa sufuria, joto lisiifikie faiba. Na chini kabisa, kwenye ncha ya kila pezi, kuna utepe mweusi aliokata kutoka tairi kuukuu. Anaufunga bila kueleza ni wa nini, na Lucien, aliyesimama mikono nyuma, haulizi.

Anapomaliza, mzee anasema neno moja. "Twende."

Familia inapanda tena, magunia yanabaki ndani, na Lucien na Émerance wanafuata kwa pikipiki hadi tuta lilelile la barabara ya Bel-Air. Lucien anasimama kando ya tuta. Émerance anageuza mgongo. Anasema hakuweza kuangalia, na kwamba boti nayo, ikigusa jiwe, husikika kabla ya kuonekana.

Ruben anapanda tuta taratibu. Magurudumu ya mbele yanashuka. Ya nyuma yanafuata. Halafu sauti inasikika, ndefu, ya kitu kinachokwaruza ardhi.

Gari linasimama. Uso wa Chancelvie umo katika viganja vyake. Lucien, na miaka yake sitini na saba, anapiga magoti barabarani, anaingiza mkono chini ya gari na kupapasa pezi moja baada ya jingine. Anautoa mkono. Vidole ni vyeusi. Juu ya tuta kuna mstari mweusi wa mpira.

"Ni paka caoutchouc, ni mpira tu," anasema. "Fibre haijaguswa."

"Njo kazi yake," anasema Émerance, bado amegeuza mgongo. "Iumie yeye. Ikiisha, tunaweka ingine."

"Rudia," Lucien anamwambia Ruben. "Na usiendeshe kama unabeba mayai."

Ruben anarudia mara tatu, na mara ya mwisho Mama Ngalula anasikika akiliita jina la Yesu. Kila mara mpira unakwaruza, na kila mara faiba inatoka nzima. Émerance anageuka mara ya mwisho tu, macho yamejaa machozi, na hajisumbui kuyaficha.

Lucien hana mazoea ya kusifu. Wanaporudi uani, anakwenda kwenye kona ya Émerance na kuanza kuburuta nje milango mibovu ya magari iliyorundikwa pale miaka nenda miaka rudi. Anaitoa mmoja mmoja, akitweta, akikataa msaada.

"Ba Lucien, munafanya nini?" Émerance anamuuliza.

"Moule itakaa wapi?"

Kalibu. Kwa miezi mzee huyu amekuwa akimwambia atengeneze kalibu ya difyuza, kazi ya siku sita iwe ya siku moja. Kwa miezi Émerance amekuwa akijibu kwamba kalibu zake ziko Goma, jibu lisilo na maana, kwa kuwa zile ni za boti. Ukweli alikuwa hajaukiri hata kwa kaka yake. Kalibu ni nzito. Haiingii katika begi dogo. Anayetengeneza kalibu amekubali kukaa.

"Kila mwezi nilikuwa nasema, mwezi wenye kuya nitarudi kwetu," anasema. "Na kila mwezi Laurent alikuwa anangojea miye nirudi, na miye nangojea yeye akuye. Tulikuwa tunalinda bintu bile habitulindi."

Anamwomba Ruben aliache gari mpaka Jumatatu, ili yeye afinyange kalibu ya kwanza juu ya difyuza hiyo. Ruben, ambaye siku hizi angemwachia hata nyumba, anakubali na kuondoka kwa miguu na familia yake, mama akilalamika njia nzima.

Mchana huo, mikono yake ikiwa imejaa resini, Émerance anaweka simu juu ya bampa na kumpigia Laurent, sauti wazi, ua mzima ukisikia. Anamweleza tuta, utepe wa mpira na milango ya Lucien. Anamwambia njia aliyokwisha kuulizia kwa madereva wa kaka yake: Uganda, Tanzania, Zambia, siku nane au tisa, na yeye atamngojea Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

"Na ba moule?" anauliza Laurent.

"Acha. Huku nimeanza ingine." Brashi yake inaendelea kupaka. "Usilete kintu, Laurent. Leta weye."

Laurent anauliza, polepole, kama huko Lubumbashi usiku kunafanyaka baridi, na kama jaketi aibebe ama aiache.