Watu wa Kivuko cha Kondoo

Binti ya kaka yangu alipotaka kuolewa na Mwingereza, kaka alitoa sharti moja tu: aje mjumbe aseme hao ni watu wa wapi. Kwetu Kivu posa huanzia hapo. Kabla ya mbuzi, kabla ya bia, mjumbe wa mwanamume husimama akataja kilima na ukoo. Asipojua, wageni hupewa soda na kuonyeshwa mlango.

Mwingereza hakuwa na mjumbe. Alikuwa na mama yake, mjane mwenye kofia, na jina la ukoo asilojua lilitoka wapi. Binti akanijia mimi, ami yake, analia. "Tonton, wewe ndiye umesoma." Kweli nimesoma. Diploma yangu ya masomo ya jioni niliipata nikiwa na wajukuu wawili, na tangu hapo sijapanda tramu bila Schaerbeek nzima, mtaa wetu huku ugenini, kuarifiwa.

Nikahamia upande wa pili, nikawa mjumbe wa Mwingereza. Maktabani nikafungua kitabu cha majina ya Waingereza chenye uzito wa ndama. Jina lile ni la kijiji. Maana yake, mahali kondoo wanapovuka mto. Basi. Hakuna mfalme, hakuna vita. Kondoo, tena wameloa.

Jumapili mchana, sebuleni kwa kaka, ghorofa ya nne, watu thelathini kwenye viti kumi na viwili. Nikasimama. Sikudanganya, niliongeza chumvi, ila chumvi yenyewe ilikuwa gunia. Mto ukawa mpana kuliko Ruzizi. Kondoo wakafika elfu kumi. Babu wa bwana harusi akawa mtawala wa kivuko, hata askofu hakuvuka bila kumsalimu. Binti alikuwa akimtafsiria mama mkwe, naye alizidi kunyooka kwenye kiti.

Kaka alisikiliza huku akimenya karanga. "Bon. Kule kijijini, watu wote walikuwa wanavukia pale?"

"Wote."

"Donc, basi, wote wangeitwa vile. Sasa jina linasaidia nani?"

Nikakwama katikati ya mto wangu mwenyewe. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa niliouruka makusudi, maana ulinipokonya mtawala. Nikalitoa kwa sauti ya chini: jina la namna hiyo mara nyingi alipewa aliyehama. Akifika ugenini, wenyeji humwita kwa kule alikotoka. Aliyebaki kijijini hakulihitaji.

"Alors, kumbe hakuwa mutawala."

"Hapana."

"Alikuwa muntu wa kuhama na mizigo yake."

"Inaonekana."

Binti akaacha kutafsiri. Shangazi yake ndiye aliyeanza kucheka. "Na wewe mujumbe, hapa si wanakuita kwa jina la muji wetu, Bukavu? Bukavu yenyewe nani alikuita vile?"

Kaka akaweka karanga chini. "Muulize maman, kwao walihama juu ya nini?"

Mama wa kofia akafikiri. Hajui, akasema, labda kondoo waliisha.

"Hata kwetu vitu viliisha," kaka akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie ndiyo. Lakini kondoo moja ije, na mujumbe ndiye atamupandisha ngazi."

Lifti ya jengo lile ilikufa enzi za Nuhu. Nilimpandisha. Alikuwa amekwisha kukatwakatwa na mchinjaji Mturuki, mifuko miwili, lakini nikisimulia huwa anatembea mwenyewe.