Pikipiki Ichague Spana Zake

Siku niliyonyimwa boksi la spana naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu hela nilikuwa nazo mkononi na mwenye duka akakataa kuzipokea. Jana umenionyesha kwenye simu picha ya boksi kama lile, spana zimejaa mpaka huwezi kuzihesabu, ukaniuliza, "Shangazi, niagize?" Nilitaka kwanza nikusimulie, na wewe ukisikia hadithi yangu huwa unakimbilia mwisho, kwa hiyo leo kaa.

Nilikuwa muuguzi kijana, nimepangiwa zahanati moja huko ndani ndani Sengerema. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chanjo za watoto vijijini, na kwa ajili hiyo nikapewa pikipiki. Leo wasichana mnaendesha na hakuna anayegeuka. Miaka ile watu walikuwa wanatoka ndani kuja kunitazama. Msimamizi wetu hakupenda kabisa. Alinikabidhi ufunguo pale Mwanza mbele ya mwenzangu Masanja, akasema, "Ikikushinda njiani mara moja tu, nampa Masanja." Masanja akaangalia chini ili nisimwone anavyocheka. Bila pikipiki ningebaki kupima homa na kupanga mafaili, na ile kazi ya vijijini nilikuwa naipenda kuliko kitu chochote. Niliogopa sana.

Pikipiki yenyewe ilikuja bila hata bisibisi. Kabla ya kwenda kupanda kivuko cha Kamanga nikapita mjini kwenye duka la Mzee Ramji, Mhindi mmoja mwembamba, mkali, aliyekuwa anauza vipuri tangu sijazaliwa. Juu ya kaunta palikuwa na boksi jekundu limefunguliwa. Spana zinang'aa, kubwa mpaka ndogo, kila moja na mahali pake pa kulala. Nililitamani kama mtu anavyotamani kitenge.

"Shikamoo mzee. Naomba hilo boksi."

"Marahaba. Pikipiki iko wapi?"

"Nje hapo."

"Basi boksi sikuuzii. Watu wananunua hilo kwa macho, halafu wiki ijayo wananirudishia na matusi juu. Twende nje."

Akabeba sinia la spana za kuuza moja moja, akatoka na ndala zake. Akanichuchumaza pembeni mwa barabara na sare yangu nyeupe. Kila nati aliyoigusa kwa kidole, mimi nijaribu spana. Ikicheza, hata kidogo, anaitupa kwenye sinia. Ikikaa kimya, anaiweka kando. Nikajaribu kufupisha safari, nikachukua ile yenye mdomo unaopanuliwa, ambayo jina lake la gereji sitalitaja mbele yako. "Si hii inaingia kote, mzee?"

"Inaingia kote, na inakula kona za nati kote. Nati ikishaliwa kona, utaifungua na nini? Rudisha."

Watu wakaanza kusimama. Kivuko kilikuwa karibu kuondoka, jua linachoma, na mimi nimekasirika. Tukafika kwenye nati ya tairi la nyuma. Spana namba kumi na saba ikakaa sawasawa, lakini mpini wake ulikuwa mfupi. Nikavuta, nikavuta tena, nati haikusogea. Mzee Ramji angeweza kuilegeza mwenyewe, ila alikunja mikono akanitazama. Kisha akanipa nyingine, namba hiyo hiyo, mpini mrefu. Nikaiegemea kwa mwili mzima, nati ikalia, ikazunguka.

"Hiyo ndiyo yako," akasema. "Huko porini utakuwa na mkono huo huo tu."

Nikafungiwa spana nne, bisibisi mbili na plaizi kwenye kipande cha turubai. Nikamuuliza, "Na ya plagi?" Akajipiga paji la uso. Alikuwa ameisahau. Akarudi ndani akijigombeza kwa lugha yao, na hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kivuko kikaniacha. Nilikaa nikisubiri kingine, nimepakata turubai langu, na moyo wangu bado uko kwenye boksi jekundu.

Nilipofika kituoni, jioni nyingi nikawa naifungua pikipiki na kuifunga, kwa sababu kila spana niliyonayo ilikuwa na kazi yake. Haikuchukua muda mrefu cheni ikanitoka njiani, kwenye mashimo, nina kasha la chanjo lenye barafu nyuma na akina mama wananingoja mbele. Wanaume wawili wa baiskeli wakasimama. "Dada, tukakuitie fundi?" Nikawaambia wanishikie pikipiki tu isianguke. Nikaiegemea ile spana ndefu, nikalegeza tairi, nikarudisha cheni kwenye meno yake, nikavuta tairi nyuma kidogo, nikakaza. Nikawashukuru wale wanaume, nikaondoka.

Nikachelewa, ila barafu ilikuwa bado haijayeyuka. Na nani nimemkuta pale kwenye mizani ya watoto? Msimamizi, kaja ukaguzi. Akaangalia mikono yangu myeusi kwa grisi.

"Imekushinda?"

"Ilitoka cheni. Nimeirudisha."

Akasogeza ndoo ya maji kwa mguu ili ninawe, kisha akawaambia akina mama wakae foleni. Habari ya Masanja hakuitaja tena mpaka alipostaafu. Nilipokuwa nanawa nilitamani kulia kwa furaha, lakini watoto walikuwa wananingoja.

Basi, mwanangu, unayepeleka samaki Ilemela kila asubuhi, achana na picha. Ipeleke pikipiki dukani. Jaribu kila spana kwenye nati yake mwenyewe, na uvute kwa mkono wako, si wa muuzaji wala wa fundi. Nunua zile chache zinazoshika, halafu fungua na ufunge nyumbani mpaka uzoee, usingoje barabara ikufundishe. Nyingine zitakuja kadiri pikipiki itakavyozidai.

Najua unaitolea macho ile spana yangu ndefu pale ukutani. Sikupi. Jana ulipolala nilitoka nikaijaribu kwenye tairi lako la nyuma, ikakataa kuingia. Yako ni namba kumi na tisa. Nenda katafute yako. Mungu akutangulie barabarani, na kila utakachokifunga kwa mkono wako akishikilie.