Waliofutwa Ukutani Misiera

Wiki iliyopita, nikiwa sokoni Nyamityobora, mjini Mbarara, nachagua viazi, simu ililia, na binti wa mama mmoja niliyemheshimu sana akaniambia kwa sauti kavu kwamba mama yake amefariki huko Ulaya. Moyo ulisimama akiwa kazini, katika nyumba ya wazee alikokuwa akiosha na kulisha wakongwe wa watu wengine. Jina lake sitaliandika, waliomjua wameshalia. Mimi nilimwita Yaya, kama sisi wa Kivu tunavyomwita dada mkubwa, na leo naandika kwa uchungu, msomaji wangu, wala sina nia ya kuuficha.

Nilimfahamu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijijini Misiera, alikokuwa na kiduka cha sukari, chumvi na vitenge. Vita vya kwetu vilimwachia binti huyo mmoja tu; mume, mama yake na majirani waliuawa, nyumba ikachomwa na picha zote zikiwa ndani. Kwa kuwa hakuwa na kaburi la kwenda kulilia, alimwita Mrundi mmoja fundi wa kuchora vibao vya saluni, akamwomba awachore watu wake kwenye ukuta wa nje wa duka, kila apitaye awaone. Akakaa nyuma yake kwenye kigoda akimwelekeza. "Apana, mama yangu hakukuwa mutu ya kukasirika," nilimsikia akimwambia. "Mufanye acheke kidogo." Kazi ilipokwisha, mume alikuwa juu ya baiskeli, mama amejitwika beseni la samaki, na majirani wamesimama mlangoni kama watu wanaosubiri kukaribishwa. Jumapili, waliotoka kanisani walisimama pale, na wengine waliwasalimia kabisa.

Kisha akapata hiyo tunayoiita bahati, akachaguliwa pamoja na binti yake, wakahamishiwa Ulaya. Simu yenye picha za ukuta iliibwa kituo cha mabasi Mbarara siku ile ile ya kuondoka, lakini hakuhangaika sana, kwa sababu duka alikuwa amemwachia mtu wa kwao, naye aliahidi kuuchunga ukuta. Haukupita muda nikafika Misiera, nikakuta ukuta mzima umekuwa mwekundu kwa tangazo la sabuni. Nikamuuliza yule aliyeachiwa duka kwa nini. Hakuona hata haya.

"Ndugu, ile ilikuwa sura ya bafu, ya bantu benye balishakufa. Nani atanunua sukari mbele ya bafu? Na bale ba sabuni balileta rangi ya bure."

"Lakini ulimuahidi."

"Yeye iko Ulaya. Sasa anatafuta nini tena huku?"

Mwaka jana nilialikwa mkutano wa waandishi huko huko Ulaya, nikapanda treni kwenda kumsalimu. Hakunipeleka madukani. Alinishika mkono, tukapita vichochoro vya mawe vya mji wa kale hadi nyuma ya kanisa, penye ukuta mrefu uliochorwa karne nyingi zilizopita. Juu yake wamejenga paa la kioo, mbele wamefunga kamba, na mlinzi amekaa kwenye kiti chake. Ukutani kuna watu wa mji huo wa zamani: mwoka mikate, wahunzi, bibi harusi, hata mbwa anayenusa kikapu cha nyama. Mwalimu alikuwa akiwasomea wanafunzi majina ya hao waliochorwa, mmoja mmoja.

"Ninakuyaka hapa kila Siku ya Mungu," Yaya alisema, yaani kila Jumapili huja pale. Kisha akanigeukia. "Mudogo yangu, ukuta yangu ingali?"

Ningeweza kusema sijapita Misiera siku nyingi. Lakini mtu aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu hafai kudanganywa tena.

"Balifuta, Yaya."

"Bote?"

"Bote."

Hakulia. Alimwonyesha kidole yule mbwa wa ukutani. "Hapa banachunga mpaka mbwa yenye ilikufa zamani," akasema. "Na mimi ninalipa kodi, ninabasaidia kuichunga. Bantu yangu, banakwetu balishindwa kubachungia ukuta moja ya udongo."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatafakari maneno ya yule mwenye duka, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba alisema kama tunavyosema sote. Nakivale kila kitu ni cha muda. Hatupandi mti kwa sababu kesho ndege itatuita. Hatuwaandiki waliokufa kwa sababu tutawakumbuka tukifika huko. Wengine wamezeeka wakingoja kufika. Tumewalaumu waliotuchomea nyumba, na tuna haki, lakini rangi nyekundu ya Misiera haikupakwa na mwenye bunduki. Ilipakwa na jirani, mchana kweupe, na sisi tukapita tukinunua sukari.

Kabla ya kukata simu, binti aliniambia kwamba huko walikomzika mama yake kaburi ni la kukodi. Muda ukiisha na asiwepo wa kulilipia tena, mifupa huondolewa na nafasi hupewa mwingine. Wageni hawana deni la kutukumbuka. Wafu wetu hawana wenyewe wengine ila sisi, na tukiwafuta sisi, wamefutika.