Dobi Aliyeitetea Pasi

Dobi wa kona ile, mtaa mzima ukimwita Mnyooshaji, hakuwa mtu wa kushindwa na mkunjo. Shati lililokunjamana mkobani safari nzima alilinyunyizia maji kwa vidole, akaliviringisha, akaliacha lipumzike, ndipo akashika pasi. "Nguo kavu haisikii," alipenda kusema. "Ukiikurupukia unaiunguza tu."

Mkunjo mmoja ulimtoa jasho: dada yake mdogo. Asubuhi ya usaili wa kazi alimletea blauzi nyeupe, naye akairudisha na doa la kahawia kifuani, umbo la pasi, ncha na yote. Kazi dada aliipata, akiwa amevaa blauzi ya kuazima. Tangu hapo alipita mbele ya kibanda kama anapita ukuta. Na sasa kazi yenyewe ilikuwa inampeleka mji mwingine, Jumamosi anaondoka.

Jioni dobi alisoma Kiingereza na watu wazima wenzake. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni neno iron.

"Ni chuma," akasema. "Ni pasi vilevile. Na Waingereza wakigombana, huzipiga pasi tofauti zao mpaka zinyooke."

Kinyozi aliyekaa naye dawati moja akamgeukia. "Haya, bwana, si fani yako hiyo? Mbona dada yako bado kajikunja?"

Darasa likaangua kicheko.

"Nilishazungumza naye!" dobi akaruka. "Nilimweleza vizuri tu. Kitambaa chenyewe nailoni, pasi ile imezoea pamba..."

"Ukamweleza," kinyozi akasema. "Kavukavu hivyo?"

Dobi akakunja daftari lake, akatoka.

Alimkuta dada yake chumbani, kapiga magoti juu ya sanduku lililogoma kufungika.

"Kaka. Umekuja na nailoni yako?"

"Nimekuja kusema nilikuunguzia blauzi. Nilikuwa napiga soga, nikaisahau pasi juu yake. Nisamehe, mdogo wangu."

"Siku ile uliitetea pasi weee, nikadhani ndiyo uliyozaliwa nayo tumbo moja."

Neno la nailoni lilimpanda hadi kooni. Akalimeza. Akakaa sakafuni, akaacha radhi aliyoomba ilowe.

Baadaye dada akainua kifuniko cha sanduku, akamrushia rundo la nguo mapajani.

"Nasafiri nazo zote hizo," akasema. "Na ole wako upige soga."