Jumamosi ya Watu wa Mkia

Mimi ni msomi wa ngumbaru. Nilisoma Embu mjini kila jioni baada ya kazi, kichwa kikavimba hadi kofia ikakataa kuingia. Mwalimu wetu wa uraia alikuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe walioko Isiolo. Ukimwambia "wengi wape," alikurukia: "Na wachache je, wafe?" Shemeji yangu, aliyemuoa dadangu, tulikaa naye dawati moja, na somo hilo alilishika kutushinda sisi wote.

Nyumbani tunategemea bomba moja la mradi wa maji. Linatoka juu kwa kina shemeji, kwenye majani chai, linateremka hadi kwetu Mbeere, ambako jua hukaanga yai kofiani. Wa juu ni wengi. Sisi wa mkia wa bomba ni familia chache, kwa hivyo katiba ya mradi ilitutengea Jumamosi: siku hiyo wa juu wanafunga mifereji ndio maji yatufikie. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetupigania tuipate, enzi alipokuwa akimchumbia dadangu.

Mwaka huu akagombea uenyekiti. Mkutanoni, kwenye uwanja wa kanisa, akasimama.

"Ndugu zangu, mradi huu hauna mtoto wa kambo. Kila mtu afungue mfereji siku anayotaka. Huo ndio usawa."

Makofi yalitikisa Mlima Kenya. Nafikiri hata theluji ilipungua.

Nikauliza, "Shemeji, wote wakifungua, maji yatafika mkiani na nini? Baiskeli?"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Kwani shemeji unataka siku yako peke yako kama Pasaka? Ama lile somo la usawa ulilala?"

Tukapiga kura ya mlolongo. Laini yake ilifika barabarani. Yetu, sisi tuliompinga, hata kuku angeiruka. Dadangu alisimama nyuma ya mumewe, macho kwenye viatu.

Jumamosi iliyofuata mfereji wetu ulikohoa, ukanyamaza. Mke wangu akanikabidhi punda na mitungi. Nikapanda hadi kwa shemeji. Mfereji wake ulikuwa wazi, ukinywesha sukumawiki.

"Chota, shemeji, chota. Hapa si ni kwako?"

Akanishikia mtungi kwa mikono yake. Akanitolea kiti, chai ikaja na maziwa mengi. Usoni hakuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo iliponiuma. Maji ya watoto wangu, yaliyokuwa haki yao, nilikuwa nimekuja kuyaomba kwa mtu.

Mitungi ilipojaa alinisaidia kumpakia punda. Alingoja tu, akitabasamu.

Nikamwambia asante.